Kilwa Kisiwani kwa siku moja: panga safari kwa maji, si kwa saa ya mkononi

Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa kisiwani katika pwani ya kusini ya Tanzania, haikuchimba dhahabu. Dhahabu ilichimbwa bara, kwenye nyanda za juu za Zimbabwe ya leo, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala katika pwani ya Msumbiji. Kilwa ndiyo iliyoshika mlango: iliitawala Sofala, ikatoza ushuru, ikapokea vyombo vya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Fedha hiyo ndiyo iliyojenga kuba, birika na ngazi unazokwenda kuzitazama. Mreno alipouteka mji mwaka 1505 na biashara ikachukua njia nyingine, mji ulibaki na mawe yake. Ukienda bila kulijua hilo utaona kuta zilizobomoka tu, na utarudi Kilwa Masoko, mji wa bara unakovukia, saa tano asubuhi ukisema pesa yako imepotea.

Mwongozo huu ni kwa anayetoka Lindi, Mtwara, Masasi au Dar es Salaam akiwa na siku tatu na usiku mbili. Siku moja ya kwenda na kurudi inawezekana kwa mwenye gari lake anayetoka Lindi, lakini hatumshauri mtu. Sababu ni maji.

Kwanza, tazama mwezi

Kabla ya kuulizia nauli, hesabu leo ni mwezi ngapi kwa kalenda ya mwezi mwandamo. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kisha hupwa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Tofauti kati ya maji makuu na kina cha chini kabisa hufikia mita tatu na zaidi. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo wiki moja baadaye, mwezi 8 au 22 hivi, mambo yamegeuka: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, hupwa karibu na saa kumi jioni, na tofauti yake ni ndogo. Hayo ndiyo maji mafu.

Kwa mgeni, siku nzuri kuliko zote ni za maji mafu. Unavuka saa mbili asubuhi maji yakijaa, unarudi saa saba au saa nane na bado chombo kinaelea karibu na ufuo. Siku za bamvua safari inawezekana, ila ratiba ni kali: uvuke saa moja asubuhi kabla maji hayajatoka, na usitegemee kurudi kabla ya saa saba mchana. Anayefika bandarini saa nne siku ya bamvua hukuta vyombo vimelala upande juu ya mchanga, na nahodha hana la kufanya zaidi ya kukuambia usubiri. Wageni hulaumu uvivu. Si uvivu.

Upande wa majira, kuanzia Juni hadi Oktoba ndio wakati bora. Majani yamepungua, njia za kisiwani zinapitika, jua si kali mno. Kusi huvuma kwa nguvu Juni hadi Agosti, lakini mkondo kati ya Masoko na kisiwa una kinga ya kutosha. Taabu ya kusi utaikuta ukielekea Songo Mnara. Masika, Machi hadi Mei, achana nayo. Hata ukivumilia matope, barabara yenyewe si ya kuaminika: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama pande zote mbili.

Kufika Masoko

Kuna Kilwa tatu na watu huzichanganya. Kilwa Masoko ni makao ya wilaya, ndipo ilipo bandari ya kuvukia. Kilwa Kivinje ni mji wa karne ya 19, kaskazini yake, bara. Kilwa Kisiwani ndiko kwenye magofu. Ukimwambia kondakta "Kilwa" tu, anaweza kukushusha Nangurukuru, nawe ukadhani umefika.

Nangurukuru ni njia panda. Mabasi ya Mtwara na Lindi yaendayo Dar es Salaam hupita hapo bila kuingia Masoko. Panda gari la alfajiri, mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Nangurukuru, na mpatane nauli kabla hamjaondoka stendi, maana baadhi watataka ulipe ya Dar es Salaam kamili. Kutoka Nangurukuru hadi Masoko ni kilomita 30 hivi za lami. Kuna daladala zinazosubiri zijae. Mkiwa watatu au wanne, bajaji au teksi mkichangiana haitawaumiza. Anayetokea Dar es Salaam atafute gari liendalo Masoko moja kwa moja.

Lala Masoko. Kisiwani hakuna hoteli. Nyumba za wageni za bei ya chini ziko mjini karibu na soko. Zenye bustani na upepo wa bahari ziko upande wa ufuo wa Jimbizi. Toa fedha taslimu ukiwa mjini, na uombe noti ndogondogo. Nahodha asiye na chenji ni jambo la kila siku.

Kibali, kisha chombo. Si kinyume chake

Magofu yako chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na huruhusiwi kuyazunguka bila kibali kilicholipiwa ofisini Masoko. Malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba, kwa simu au benki, na hapo ndipo wengi hukwama: mtandao ukiwa chini asubuhi, maji hayakusubiri. Fanya hivi. Fika ofisini mchana wa siku ya kwanza, mkiwa na vitambulisho. Raia hulipa kiwango chake, mgeni wa nje chake, na mwanafunzi aje na kitambulisho cha shule au chuo. Lipa siku hiyohiyo, chukua stakabadhi, mpatane na mwongoza wageni saa ya kukutana. Ukitoka hapo ndipo uende kutafuta chombo.

Mwongoza wageni usimkwepe. Hakuna mabango ya kutosha, njia zinapita katikati ya mashamba na nyua za watu, na bila mwenyeji utazunguka Gereza, yaani ngome ya ufukweni, na Msikiti Mkuu kisha ukose Husuni Kubwa, kasri ambalo peke yake linatosha kuwa sababu ya safari. Mwulize mapema kama mzunguko wake unafika Husuni. Baadhi huikwepa kwa sababu ya mwendo, hasa wakiona mgeni amechoka.

Bandarini kuna namna mbili za kuvuka. Ya kwanza ni chombo cha abiria cha wanakijiji, rahisi kwa bei, kinachoondoka kikijaa na kurudi kikijaa. Ya pili ni kukodi: boti ya injini huvuka kwa dakika 10 hadi 15, mashua ya tanga huchukua muda kulingana na upepo. Ukikodi, mambo manne yasemwe wazi kabla ya kupanda. Bei ni ya chombo kizima au ya kila kichwa? Ni ya kwenda na kurudi? Chombo kitasubiri kisiwani au kitarudi Masoko kuchukua abiria wengine? Na saa ya kurudi ni ipi? Lipa nusu, nusu nyingine mkishafika Masoko. Maboya ya kuvaa yawemo chomboni kwa idadi ya watu, uyaone kwa macho, usikubali kuambiwa "yapo".

Kama siku yako ni Ijumaa, jua kwamba kuanzia karibu saa sita mchana nahodha na mwongozaji wataelekea msikitini. Vuka mapema zaidi au kubali kungoja. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa mbele za watu kijijini. Beba chako, ukatulie kando.

Vitu vya kubeba: maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu, kofia, kandambili za kushukia majini na viatu vilivyofunika vidole vya kutembelea, suruali ndefu, kanga au shuka, mfuko wa plastiki wa kuhifadhia simu. Kula chapati na supu ya samaki Masoko kabla hujavuka. Kisiwani unaweza kupata dafu, lakini usipange safari kwa kutegemea dafu.

Mzunguko wa kisiwani

Vyombo vingi hutia nanga mbele ya Gereza, na mara nyingi utashuka kwenye maji ya magoti. Usikimbilie jengo. Pita kwanza kijijini, salimia: shikamoo kwa wazee, hodi kwenye ua wowote unaopitiwa. Kisiwa hiki kinaishi watu, wanavua, wanalima, watoto wanakwenda shule. Picha za magofu piga upendavyo. Za watu, omba.

Gereza ndilo jengo la mwisho kwa umri ingawa ndilo la kwanza kuonekana. Wareno walijenga ngome hapa mwaka 1505 wakaihama mwaka 1512. Unaloliona zaidi ni la Waomani, karibu na mwaka 1800, juu ya mabaki hayo. Tazama upande wa bahari uone mawimbi yalivyokula msingi. Mmomonyoko huu ni mojawapo ya sababu zilizofanya magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yawekwe kwenye orodha ya hatari mwaka 2004. Yaliondolewa huko mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati na kuzuia bahari.

Toka hapo kwenda Msikiti Mkuu, na hapa ndipo utumie muda. Nusu saa ni haba. Ingia upande wa kaskazini kwanza. Sehemu hiyo ni ya zamani zaidi, mwanzo wake ni karne ya 11, na dari lake lilikuwa bapa, la boriti na zege la chokaa. Kisha geuka kusini: ukumbi mkubwa wa kuba na matao, ulioongezwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, dhahabu ilipokuwa imepamba moto. Ukisimama mpakani pa sehemu hizo mbili unaona utajiri ukiingia ndani ya jengo moja.

Jaribu jambo moja la kupima kwa miguu. Katika nyumba yoyote ya mawe kisiwani, pima upana wa chumba kwa hatua. Urefu wa chumba unaweza kuwa wowote, lakini upana mara nyingi haupiti mita tatu. Sababu ni boriti ya mkoko: huo ndio upana ambao mti wa mkoko unaweza kuuvuka ukibeba dari zito la mawe na chokaa bila kuvunjika. Tajiri angeweza kuongeza idadi ya vyumba, si upana wake. Kuba na matao vilikuwa njia ya kutoka kwenye kifungo hicho cha mti.

Pia gusa kwa macho, si kwa vidole, aina mbili za mawe. Kuta ni mawe magumu ya matumbawe ya nchi kavu, yasiyo na umbo, yaliyoshikwa na chokaa. Miimo ya milango, mihrabu na mapambo ni tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bichi. Hapo huchongeka kama mti, kisha likikauka hukaza. Ndiyo maana nakshi ziko mlangoni na si ukutani.

Karibu na hapo kuna msikiti mdogo wenye kuba, wa karne ya 15, ambao umebaki mzima kuliko majengo mengi ya kisiwa. Inua kichwa: katika dari kulipachikwa bakuli za kauri zilizosafirishwa kutoka ng'ambo, na pale zilipong'oka pamebaki tundu za duara. Usipande juu kwa ajili ya picha. Chokaa ya miaka 500 haibebi mtu.

Makutani ni kasri la karne ya 18, lenye kuta ndefu zinazoelekea pwani. Lipite, lakini jua limejengwa kwa biashara gani. Dhahabu ilikuwa imekwisha. Pembe na watumwa ndio waliokuwa bidhaa. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alitiliana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Kisiwa kimoja, karne tofauti, mzigo tofauti. Mwongozaji asipolisema, mwulize. Msikiti wa Malindi na makaburi yake, njiani, unatosha dakika 10.

Sasa Husuni Kubwa. Iko mashariki, zaidi ya kilomita moja, mwendo wa nusu saa hivi kwa mguu katikati ya mashamba na minazi. Nenda huko kabla ya saa tano. Baada ya hapo jua la kwenye kilima kile halina huruma wala kivuli. Al-Hasan ibn Sulaiman huyohuyo ndiye aliyeijenga, juu ya genge linalotazama bahari, na haikukamilika. Ina vyumba zaidi ya 100. Anza na birika lenye pembe nane, ambalo kila mtu hulipiga picha, kisha enda kwenye ua mkubwa wa upande wa kusini, panapodhaniwa palikuwa na maghala na shughuli za biashara. Maliza kwa ngazi zinazoteremka baharini. Simama juu ya ngazi utazame njia ya vyombo: aliyekaa hapa aliona kila tanga linaloingia kabla halijashusha mzigo. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, enzi za sultani huyo, akaandika kwamba aliitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake.

Sultani huyo pia alipiga sarafu za shaba zenye jina lake, na moja imepatikana Great Zimbabwe kwenyewe, mji wa kale wa mawe, bara kabisa. Kwa kitu kidogo hivyo, ule mnyororo wa mgodi hadi kisiwa unaonekana wote. Ndiyo maana pia ukikanyaga kigae cha kauri au kishilingi cheusi mchangani, ukiache palepale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuondoa vitu hivyo, na hata bila sheria, kikishatoka mahali pake hakimwambii mtafiti chochote. Mtoto akikuletea "pesa za kale" kuuza, kataa kwa upole. Ukinunua moja, kesho zitachimbwa kumi.

Husuni Ndogo iko jirani, ng'ambo ya bonde dogo: ua wa mstatili wenye kuta nene na minara. Wataalamu hawajakubaliana ilikuwa ya kazi gani. Kama miguu imechoka, itazame kwa mbali.

Maji yakiwa yamejaa, unaweza kupatana na nahodha akufuate upande wa Husuni ili usirudi kwa mguu. Mpatane asubuhi, si kwa simu mkiwa juu kilimani ambako mtandao unaweza kukatika.

Yanayoharibu safari

Upupu. Kiangazi maganda yake hukauka na unyoya wake hupeperuka kwenye vichaka vya pembeni ya magofu. Suruali ndefu na kufuata njia iliyokanyagwa ndiyo kinga. Ukikupata, usijikune, futa kwa majivu au udongo mkavu kwanza, kuoga baadaye.

Visima vya kale. Vipo vingi, vingine havina ukingo na majani yamevifunika. Mwenye watoto awashike mkono, hasa nje ya njia.

Kichwa kuuma saa saba mchana ni maji uliyoyaacha chomboni. Beba mwenyewe.

Ukiwa na siku ya ziada

Songo Mnara, kisiwa cha kusini, ni mji wa karne za 14 hadi 16 na nyumba zake zimesimama kuliko za Kisiwani. Kwa boti ya injini ni saa moja au zaidi. Kuingia ni kupitia mikoko na matope, kwa hiyo chagua siku ambayo maji hujaa kati ya saa tatu na saa sita asubuhi, mwezi 8 hadi 10 au 22 hadi 24 hivi, na ujiandae kukanyaga maji hata ya mapaja. Kibali chake kiulizie ofisi ileile, pamoja na cha Kisiwani. Tukilazimika kumchagulia mtu asiye na muda, tutasema Kisiwani. Kwa anayependa majengo, Songo Mnara.

Asiyependa bahari aende Kilwa Kivinje, kilomita 25 hivi kutoka Masoko. Ulikuwa mwisho wa njia za misafara ya pembe na watumwa kutoka Nyasa, kisha makao ya Wajerumani. Boma lao lipo ufukweni. Uliza Mwembe Kinyonga, walikonyongwa waliowapinga Wajerumani; usiende kwa kelele. Saa tatu zinatosha, pamoja na chai sokoni.

Kurudi

Usivuke kutoka kisiwani na kukimbilia Nangurukuru siku hiyohiyo ukitegemea basi la kusini. Mabasi yanayotoka Dar es Salaam alfajiri kwenda Lindi na Mtwara hupita Nangurukuru kabla ya mchana; baada ya hapo ni bahati, na mara nyingi yamejaa. Lala tena Masoko, au omba wenye nyumba ya wageni wakukatie nafasi kwa simu. Saa tatu asubuhi uwe njia panda, upande wa barabara uendao kusini.